Harufu ya Udi, Mkono wa Baridi

Mimi ni mchoraji wa hina hapa Mombasa. Kazi hii niliianza nikiwa msichana, uwani kwetu Kibokoni, dadangu mkubwa akichunga unga wa hina kwa kitambaa chembamba nami nikikamua malimau. Leo ndiyo inayonilisha. Huniingiza ndani kwa watu siku wanapokuwa na furaha yao kubwa kabisa: bi harusi ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, leso imefunikwa magotini, watu wanaimba, chetezo cha udi kinazungushwa. Baada ya dadangu kufariki, nyumba hizo hizo zikawa zinanitia hofu.

Naandika kwa urefu kwa sababu najua wako wengi mjini humu wanaobeba jambo kama hili bila kulisema, na wakilisema huambiwa wavute subira. Subira naiamini, na ndiyo iliyonisimamisha wima. Lakini mtu ana haki pia ya kujua kinachomtendekea mwilini na moyoni, na kujua humpunguzia nusu ya mzigo.

Dadangu aliugua muda mfupi, akafariki wakati wa kusi. Kwetu maiti hacheleweshwi: alitutoka asubuhi, alasiri akazikwa Kikowani. Sisi wanawake hatuendi makaburini siku ya kuzika, kwa hiyo kumuosha ndiko kulikuwa kuagana kwetu. Kulikuwa na maji ya majani ya mkunazi, kisha maji ya kafuri, na sanda ilikuwa imekwisha kufukizwa udi. Mimi nilipewa mkono wa kulia niushike huku mwenzangu akimimina. Nakumbuka kucha zake. Hina niliyompaka Idd ya Mfungo Mosi ilikuwa bado imesalia nchani, kucha zimekua zikaisukuma mbele. Mama mmoja aliyekuwa akituongoza akanambia, "Jizuie mwanangu, chozi lisimdondokee." Nikajizuia. Matanga yote nilipika, nikapakua, nikaosha sahani, na watu wakanisifu kwamba nina moyo.

Miezi kadhaa baadaye kaskazi ikaingia na harusi zikashamiri. Niliitwa nyumba moja ya Makadara. Nilikuwa nimeshachora nyingi tangu msiba, na sikutarajia lolote. Chetezo kikapita karibu yangu, nikaushika mkono wa bi harusi ili nianze kwenye kiwiko cha mkono, na ghafla kijasho chembamba kikanitoka. Mate yakanikauka. Moyo ukaanza kunipapa, na ua nililokuwa nikilichora likakatika katikati. Kilichonishangaza ni kwamba sikusikia huzuni hata kidogo. Nilisikia hamaki. Shangazi zake bi harusi walikuwa wakicheka kwa sauti, na mimi nilitaka kuwapigia kelele wanyamaze, kana kwamba wamenitukana.

Nikaweka koni chini, nikatoka uwani. Mamkubwa wangu alikuwapo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa somo wa yule binti, yaani mwanamke anayemwongoza na kumfunda bi harusi. Akanifuata.

"Una nini, mwanangu?"

"Sijui, Mamkubwa. Wananiudhi."

"Kaa kitako kwanza."

Nikakaa kwenye kidaraja cha mlango. Akaniletea kopo la maji nitawadhe. Hakuniuliza tena neno. Baadaye ndipo aliponikumbusha hadithi ya Mtume, kwamba aliyeghadhibika akiwa amesimama na akae, na isipomwondoka na alale. Nilikuwa nimeisoma madrasa utotoni kama adabu. Siku ile niliijua kwa magoti yangu: mwili ulioketi chini hauwezi kurukia mtu, na polepole hasira nayo huanza kushuka.

Mshauri nasaha niliyemwendea baadaye alinieleza upande wake. Mwaka 1915 mtaalamu wa Marekani aitwaye Walter Cannon aliandika jinsi mwili unapohisi hatari unavyojiandaa kupigana au kukimbia: adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, damu inaelekezwa kwenye misuli, tumbo linasimama kazi. Matayarisho ni yale yale, iwe utakimbia au utapigana. Ndiyo maana hofu na hasira zikaingia kwangu kwa mlango mmoja, na wale shangazi, ambao hawakunikosea lolote, wakaonekana maadui. Tangu nilipolielewa hilo naangalia kwa jicho jingine watu wanaofoka msibani, au mjane anayegombana na kila mtu wakati wa eda. Huenda huyo amebanwa, anatafuta pa kutokea.

Kuhusu udi alinipa maelezo niliyoyapenda sana. Tunachokiona na tunachokisikia hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo kabla ya kusambazwa. Harufu haizunguki huko. Inakwenda karibu moja kwa moja mpaka sehemu inayoitwa amigdala, ambayo ndiyo inayopiga mbiu ya hatari, na jirani yake ipo sehemu inayoweka kumbukumbu. Basi harufu inaweza kukurudisha siku fulani kabla wewe mwenyewe hujajua kwamba umeondoka hapo ulipo.

Lakini kabla sijafika kwa mshauri nilikuwa nimeshajitibu kwa njia iliyonijia yenyewe, yaani kukwepa. Niliwaomba wenye harusi chetezo kisiwashwe mpaka nimalize kuchora. Kisha nikapunguza kazi za Mji wa Kale, nikawa nachukua zaidi za magorofani Nyali, ambako nilidhani mambo ya udi si mengi. Kisha nikaacha kupita Marikiti, kwa sababu pale kwenye viungo kuna wauzao udi na ubani, nikawa namtuma mtoto. Kila nilipokwepa nilipata nafuu siku hiyo, na wiki iliyofuata eneo la kukwepa likawa pana zaidi. Mshauri alilieleza hivi: kila ukikimbia kitu ukatulia, ubongo unajifunza kwamba kweli ile ilikuwa hatari na kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Haupati nafasi ya kuona kwamba ungebaki usingedhurika. Nadhani hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mtu aliambiwe mapema, kwa sababu kukwepa kunafanana sana na kujitunza, na hata watu wanaokupenda hukusaidia kukwepa.

Wako walioniambia ni jini. Sikuwadharau. Mjomba wangu alinisomea kisomo, na nilipokuwa nikisikiliza aya nilitulia mpaka nikasinzia, jambo ambalo lilikuwa limenipotea. Naendelea nacho mpaka leo. Ila kisomo hakikunieleza kwa nini nyumba hii ndiyo na ile la, na mimi nilihitaji kujua hilo ili niweze kufanya kazi.

Jibu lilitoka kwenye daftari. Nina daftari ninaloandikia arubuni za wateja, nani amelipa kiasi gani na harusi yake lini. Nililigeuza, nikaanza kuandika upande wa nyuma. Kila yaliponipata niliandika nilikuwa wapi, nani alikuwapo, palinuka nini, nilikuwa nimeshika nini, mwili ulifanya nini, na ni wazo gani lililonipitia. Mistari mifupi tu, ndani ya matatu nikirudi nyumbani. Nayanakili machache kama yalivyo:

"Bondeni. Udi mwingi mpaka macho yanawasha. Bi harusi mcheshi, mikono ina joto. Hakuna kitu."

"Nyali, ghorofani. Hakuna udi hata chembe. Kiyoyozi kinapuliza. Nimemshika mkono tu, kifua kikabana. Nikamkasirikia dadake kwa kuchezea simu."

"Nyumbani. Nimeosha samaki waliotoka kwenye barafu. Mate yamekauka."

Ilichukua muda mpaka nikaisoma mistari hiyo kwa pamoja, na nilipoisoma nilikaa kimya muda mrefu. Udi haukuwa wenyewe. Kilichokuwa kikinitonesha ni mkono wa baridi, wenye maji, ulioachiwa uzito wake kiganjani mwangu. Kule Makadara udi ulisadifiana na binti aliyekuwa ameganda kwa woga wa harusi, na mimi nikaubebesha udi lawama yote kwa kuwa ndio uliokuwa ukionekana. Nilikuwa nimewanyima watu chetezo chao bure, nikakimbilia kwenye viyoyozi vya Nyali ambako mikono yote ni ya baridi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, humwambia aandike kabla hajaamua. Kinachokutonesha mara nyingi ni kidogo na cha mwilini kuliko unavyodhani: sauti ya funguo, namna mtu anavyovuta pumzi kabla ya kusema, saa fulani ya jioni, ukimya wa simu. Na kila kimoja kina dawa yake. Ukikosea kukitambua, utajitesa na kisichohusika.

Baada ya mkono kupatikana, likabaki swali la hamaki. Kwa nini hasira, wakati nilichopotewa nacho ni dada? Mshauri alinitaka nirudi siku ya kuosha, nimsimulie polepole, nikitaja hata vitu vidogo. Nilipofika kwenye "jizuie mwanangu" sauti ikanikatika. Nilikuwa nimefunga fundo siku ile na sikulifungua tena. Yule mama hakunikosea. Alisema alichofundishwa, na kwa upole. Lakini kila mkono wa baridi ulinirudisha pale nilipoambiwa nisilie, na kila kicheko cha watu kikawa ushahidi kwamba wao wameruhusiwa na mimi sikuruhusiwa.

Nilimweleza Mamkubwa. Akaniambia Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akasema jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila lile linalomridhisha Mola wetu. "Yaliyokatazwa ni mayowe na kujipasua nguo," akasema. "Machozi nani aliyakataza?" Nikalia pale pale mbele yake, na yeye akalia, maana dadangu alikuwa mtoto wake pia.

Kuna jambo jingine la mshauri ambalo mwanzoni nililiona dogo mno kuwa dawa. Alinifundisha kuipa hisia jina wakati ule ule inaponishika, kimoyomoyo, kwa maneno machache. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, walionyesha kwamba mtu anapoitaja hisia kwa jina, ile amigdala hupunguza kelele zake. Basi mimi husema: hamaki hii, chini yake ni majonzi, ni mkono wa baridi. Kisha natoa pumzi ndefu kuliko niliyoivuta, kwa kuwa kutoa pumzi polepole huuambia moyo upunguze mwendo. Niseme ukweli kwamba haya yananifaa yakianza mapema. Mawimbi yakishafika kichwani, kuhesabu pumzi hunizidishia fadhaa, na hapo hurudi kwenye dawa ya Mamkubwa: natoka, nakaa chini, natawadha kwa maji.

Halafu ikaja kazi ya kukisogelea. Mshauri hakunitupa kwenye kina. Tulianza na bakuli la maji ya barafu, mkono wangu mwenyewe ndani yake, nikiangalia woga unavyopanda, unavyofika juu, na unavyoanza kushuka bila mimi kukimbia. Hilo la kushuka wenyewe nilikuwa sijawahi kuliona, kwa sababu nilikuwa siku zote naondoka kabla. Baadaye ikawa mkono wa mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa binti wa marehemu. Sasa ni msichana mkubwa na alikuwa ameniomba nimfundishe kuchora. Jioni moja alikuwa ametoka kuosha vyombo, mikono imelowa na imepoa. Nikamwambia kwa nini nataka nimchoree papo hapo kabla haijapata joto. Nilihofia kumtia majonzi yangu juu ya yake. Akakaa, akaninyoshea mkono, nikaanza na jani dogo kwenye kidole cha shahada. Kifua kilibana kama kawaida. Akasema, akiutazama ule mchoro, "Lakini Mamdogo, mikono ya mama ilikuwa baridi siku zote. Alikuwa akinishika shingoni asubuhi kunichokoza niamke."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Kweli dadangu alikuwa na mikono ya baridi tangu utoto. Tulipokuwa wadogo akiingia kitandani kutoka msalani alikuwa akinibandika viganja mgongoni, nami nikipiga kelele mpaka mama akitugombeza. Ule mkono nilioushika siku ya kuosha haukuwa mara ya kwanza kuwa baridi mkononi mwangu. Nilikuwa naujua miaka yote ya maisha yangu. Tulicheka sote wawili, tukaliharibu jani, nikalifuta na kuanza upya.

Sikupona siku ile, wala sipendi hadithi zinazosema mtu alipona siku moja. Lakini tangu hapo mkono wa baridi ukawa na mambo mawili ndani yake, na mimi nikawa na pa kusimama. Mshauri aliniambia ndivyo inavyokuwa: woga uliojifunza haufutiki, ila unawekewa fundisho jipya ubavuni, na kila ukirudia fundisho jipya linapata nguvu. Alinionya pia kwamba la zamani linaweza kurudi ukiwa umechoka, au mahali pageni. Na likarudi, usiku wa kuamkia Idd, ambapo foleni ya wanawake na watoto hufika mpaka barazani na tunachora mpaka alfajiri. Mkono mmoja tu kati ya mikono ile yote, na mate yakakauka. Kwa kuwa nilikuwa nimeonywa, sikujiona nimerudi mwanzo. Nikasimama, nikanawa uso, nikarudi.

Kilichonizidi usiku ule kilikuwa kingine. Dadangu ndiye aliyekuwa akijaza koni na kuzifunga wakati mimi nachora, na koni za dukani hazifungwi vile. Hiyo haikuwa hofu wala hamaki. Ilikuwa huzuni safi, na niliiacha inipitie. Margaret Stroebe na Henk Schut, wataalamu wa Uholanzi, waliandika mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara yumo ndani ya msiba wake, mara yumo katika shughuli za kuendelea kuishi, na kwenda na kurudi huko ndiko kunakomponya. Nikitazama mila zetu naona wazee walilijua kwa njia yao. Kuna siku za matanga za kukaa na kulia, kisha watu wanaondoka na sufuria zinarudishwa. Halafu arobaini inakuja, mnaketi tena, mnasoma khitma, mnamkumbuka, mnatawanyika. Unaingia na kutoka. Kosa langu au la watu sioni hapa. Naona tu kwamba mimi niliruka ile sehemu ya kuingia.

Si kila mzigo unaweza kubebwa na daftari na Mamkubwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linataja majonzi yanayopitiliza miezi sita yakiwa bado makali na yakimzuia mtu kuishi, likizingatia pia mila za watu wake. Ukiona hulali, huli, kazi imekushinda, au umeanza kuwaza kwamba afadhali ungekufa wewe, basi nenda hospitali mapema na mwambie daktari hivyo hivyo. Na ukiwa ni wewe unayemwona mwenzio hivyo, usimwachie aende peke yake. Panda naye matatu, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe.

Hivi karibuni Mamkubwa alikuja na jambo. Wanawake wanaoosha maiti mtaani kwetu wengi wamekuwa watu wazima sana, na anataka vijana wajifunze. Akanitaja mimi. Nikamwambia, "Mamkubwa, mikono ya wateja sasa naimudu. Huo mwingine bado." Hakunishurutisha. Akauliza kama naweza kukata na kutayarisha sanda, maana hilo nalo linahitaji mtu mwenye mkono uliotulia. Nikasema hilo naweza, na kufukiza naweza pia. Tulikubaliana ataniuliza tena la kuosha baada ya Ramadhani, nami nitamjibu kwa nitakavyokuwa siku hiyo.